Wageni wa Hemedi

Wiki ya tisa ndiyo wiki ambayo wanafunzi wa Dkt. Namsifu Mhina walikuwa wakianza kumchukia. Kufikia hapo vipele vya mkononi, pale viluwiluwi wa minyoo walipopenyea kutoka kwenye kiraka kilichobandikwa, vimeshapona, na kile kikohozi kikavu cha wiki ya pili kimeshasahaulika. Minyoo wenyewe wamekua, wameshuka tumboni, wameng'ata ukuta wa utumbo na kutulia humo wakinywa damu kidogo kidogo. Mwanafunzi anaamka amechoka. Anapanda ngazi za maktaba akisimama katikati kupumzika. Chakula hakimpendezi, masomo hayaingii kichwani, na moyo unamdunda kwa kazi ya kuinua begi tu.

Hicho ndicho Namsifu alichokuwa akikitaka. Daktari wa vimelea, alizoea kusema, hawezi kupikwa kwa picha peke yake.

Asubuhi hiyo aliwapanga wawili wawili kwenye maabara ya chuo, juu ya kilima nje kidogo ya Muheza, kila mmoja amvute mwenzake kope ya chini atazame rangi ya ndani. Akawa anapita katikati yao, mikono nyuma, hatulii mahali. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Alimsikia binti mmoja akisema mwenzake amepauka, akasimama na kumwuliza amepauka kama nini. Binti akasoma namba kwenye kipimo chake cha mkononi. Namsifu akakichukua kile kipimo taratibu, akakitia mfukoni mwake, akamwambia atazame tena.

"Kama ndani ya ganda la chungwa," binti alisema mwishowe.

"Hiyo hutaisahau," Namsifu alimjibu, akaendelea na safari yake.

Safura, ugonjwa wa minyoo hao wanyonya damu, ilikuwa imefutwa nchini kabla wanafunzi hao hawajazaliwa. Udongo ulisafishwa, watu wakanyweshwa dawa kata kwa kata, na kizazi kizima kikakua bila kujua kwamba mtoto anaweza kutembea peku akarudi nyumbani na ugonjwa. Madaktari nao wakasahau. Kisha, miaka kumi na tisa iliyopita, safura ikaibuka kwenye kambi ya wachimba vito katika bonde la Umba. Daktari wa kambi alikuwa Namsifu, kijana mwenye shahada mbili ambaye hajawahi kumwona mnyoo aliye hai. Aliwagawia watu vidonge vya madini ya chuma. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, Semeni, aliyeletwa kila Jumatatu midomo imejaa udongo, na kila Jumatatu Namsifu alimgombeza mama yake kwa kutomwangalia. Hakujua kwamba kula udongo ni dalili. Walikufa watu thelathini na mmoja, Semeni akiwemo, kabla muuguzi mmoja mstaafu hajafika pale na kuomba hadubini na choo cha wagonjwa.

Kozi ilizaliwa kutokana na hayo, na Namsifu ndiye aliyeipigania. Sheria iliruhusu kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuwabeba minyoo kumi kwa wiki kumi na mbili. Hawakuwa minyoo wa porini. Walitengenezwa wazaliwe majike tupu, ili mayai yao yawe matupu, na ujike huo ulifungamanishwa na mng'ao wa kijani unaoonekana chini ya taa ya bluu. Wanafunzi waliwaita wageni. Wiki ya mwisho kila mmoja alimeza dawa, wageni wakatoka, wakahesabiwa mbele ya mkaguzi, wakachomwa. Kwa miaka kumi na miwili hesabu haikupungua hata mnyoo mmoja.

Kwenye meza ya mwisho Namsifu alimkuta Hemedi Kaniki, na hapo miguu yake ikasita.

Hemedi alikuwa na miaka ishirini na minne, kijana wa pale pale Muheza. Walimu walimjua kwa kukosa vipindi. Alikuwa amekonda tangu siku ya kwanza, akikaa kiti cha karibu na mlango, na akitoka katikati ya somo bila kuomba ruhusa. Sasa, wakati wenzake wote wamelegea kama nguo zilizoloweshwa, Hemedi alikuwa ameota mashavu. Kope yake ilikuwa nyekundu. Pembeni ya daftari lake palikuwa na nusu ya chapati.

Wazo la kwanza la Namsifu lilikuwa kwamba ameiba dawa na kujitibu mapema.  Alichukua sampuli ya choo ya Hemedi kutoka kwenye trei, akaweka tone juu ya kioo, akainama kwenye hadubini. Mayai yalikuwepo, tena mengi, mviringo wake mwembamba kama alivyoyaona maelfu ya mara. Basi wageni wamo. Akainuka, akaandika tiki kwenye orodha, na mashaka yake yakazidi badala ya kupungua.

Mwisho wa kipindi Hemedi alinyoosha mkono. Alitaka kujua, kama mgeni anapata damu, mwenyeji anapata nini.

"Hasara," Namsifu alisema. Wanafunzi wakacheka kwa uchovu. Hemedi hakucheka.

*

Mchana ule ule Hemedi alimfuata ofisini. Alimwamkia, akafunga mlango, akabaki amesimama. Namsifu alimwonyesha kiti mara mbili kabla hajakaa.

Aliyoyaeleza aliyaeleza kwa utaratibu, kama mtu anayewasilisha mgonjwa wa wodini, ila mgonjwa alikuwa yeye. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa na ugonjwa ambao watu mitaani waliuita moto wa utumbo. Ulikuwa ugonjwa wa zama hizi safi. Kila darasa la shule lilikuwa na mtoto mmoja au wawili wenye nao. Wataalamu walikisia kwamba kinga ya mwili, iliyozoea tangu enzi na enzi kupigana na minyoo, ikikosa adui huugeukia utumbo wenyewe na kuuchoma vidonda. Dawa ya kwanza ilimsaidia Hemedi miaka mitatu, ya pili mwaka mmoja, ya tatu haikumsaidia kabisa. Wapasuaji walikuwa wamempangia Januari. Wangemkata sehemu kubwa ya utumbo na kumwekea mfuko tumboni.

Mwenye ugonjwa kama huo haruhusiwi kubeba wageni, na asiyebeba wageni hawi daktari. Kwa hiyo kwenye fomu Hemedi aliandika kwamba ni mzima. Alitarajia kozi ingekaribia kumwua. Badala yake, wiki ya sita, damu ilikoma chooni. Wiki ya saba alilala bila maumivu.

"Jumapili nilikula nyama choma," alisema. "Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na mmoja."

Namsifu alikuwa ameshajua kinachokuja, na alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Mwalimu, naomba nisimeze ile dawa."

Alimkatalia. Alimkumbusha sheria, akamkumbusha Umba, akamweleza kwamba nafuu ya wiki tatu si ushahidi wa jambo lolote. Hemedi aliitikia kila neno kwa adabu. Hakubishana, na hilo ndilo lililomsumbua Namsifu kuliko kama angebishana. Alipoinuka kuondoka, mwalimu alijikuta akimpa kidonge cha kamera na kumwagiza akimeze kesho asubuhi kabla hajala. Alijiambia kwamba anataka tu kuona.

Waliitazama picha pamoja siku iliyofuata. Kamera ilishuka taratibu, ikimulika kuta za waridi zenye mikunjo laini. Sehemu ambazo kwa maelezo ya Hemedi zilipaswa kuwa mbichi kama nyama iliyochunwa, zilikuwa na makovu meupe, yamefunga. Hemedi aliziba mdomo kwa kiganja na kuendelea kutazama. Kisha taa ya bluu ikawaka, na wageni wakatokea mmoja mmoja, nyuzi fupi za kijani zilizojipinda kwa mbele kama kulabu, wakicheza kidogo na mkondo. Namsifu aliwahesabu kwa sauti. Wa tisa alikuwa karibu kabisa na wa nane.

Wa kumi hakuonekana. Alirudisha picha nyuma, akabadili taa kuwa nyeupe, na hapo akamwona. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, wa rangi ya maziwa, hana mng'ao wowote. Mkia wake ulikuwa umefunguka kama mwavuli.

Kila kitabu cha vimelea kina mchoro wa mwavuli ule. Ndio mkono ambao dume humshikia jike.

Namsifu alizima skrini. Alimwambia Hemedi arudi kesho, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, akaenda moja kwa moja kwenye jokofu la maabara na kutoa kioo cha jana. Aliinama tena juu ya hadubini ile ile. Mayai yalikuwa pale pale. Safari hii alitazama ndani yake. Kila yai lilikuwa limegawanyika: chembe mbili, chembe nne, nane. Hayakuwa matupu. Jana yake alikuwa ameyatazama mayai hayo hayo na kuweka tiki, kwa kuwa alitegemea matupu, na macho yakamletea alichotegemea.  Na yeye ndiye mwalimu aliyewanyang'anya watoto wa watu vipimo ili watumie macho.

Alifanya ambalo lingefanywa na fundi yeyote wa maabara. Alipaka sampuli kwenye karatasi ya kuchujia, akaitumbukiza ncha yake kwenye maji ndani ya tyubu, akaifunga na kuiweka mahali penye joto. Siku tano alifundisha bila kujua anafundisha nini. Aliwapa wanafunzi mtihani mmoja mara mbili. Siku ya sita aliinua tyubu kwenye mwanga wa dirisha, na majini mle viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga, wazima, wanatafuta ngozi.

Alimwita Hemedi, akamwonyesha, akamwuliza swali moja tu. Vyoo vya mabweni vilichoma kila kitu, hapo hapakuwa na wasiwasi. Je, tangu wiki ya sita alikuwa ameenda haja mahali pengine?

Hemedi alifikiri. Sikukuu ya Idd alikuwa nyumbani siku tatu. Mama yake alikuwa anajengesha choo upya. Walikuwa wakienda nyuma, kwenye michungwa.

*

Mkaguzi wa kozi, Bwana Shekigenda, alifika siku ya pili yake. Namsifu alimpigia simu yeye kabla ya kumpigia mtu mwingine, kwa sababu walifahamiana miaka kumi na miwili na kwa sababu aliogopa. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mzito wa mwili, aliyependa kuvua miwani wakati wa mazungumzo magumu. Aliisikiliza habari yote akiwa ameishika mkononi.

Alipoanza kusema, alisema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu njiani. Mnyoo mmoja kati ya maelfu amegeuka. Huenda ni makali ya ugonjwa wa kijana, huenda ni mabaki ya dawa zake za zamani. Kama habari ikitoka, kozi itafungwa, na safari hii haitafunguliwa tena. Kwa upande mwingine, wiki mbili zijazo Hemedi angemeza dawa pamoja na wenzake. Wangetoka minyoo kumi, wangehesabiwa kumi, wangechomwa kumi. Tyubu ingechomwa leo. Picha za kamera zingefutwa.

"Na shamba la mama yake?" Namsifu aliuliza.

"Tutampelekea dawa. Tutamwambia ni kinga ya kawaida."

"Nani atapima udongo?"

Bwana Shekigenda alirudisha miwani usoni. "Daktari Mhina, mimi sikufichi. Udongo ukipimwa, patatakiwa karatasi ya kueleza kwa nini unapimwa. Wewe ndiye unayejua Umba kuliko mtu yeyote nchini. Unataka tuwe na madaktari wasioijua safura, kwa ajili ya mnyoo mmoja?"

 Namsifu aliomba apewe hadi Ijumaa, na mkaguzi akakubali.

Siku zile tatu Namsifu hakukaa chini. Alikizunguka kilima cha chuo, akakata kona za bustani, akaingia madarasani na kusahau alichofuata. Kila upande alioutazama ulikuwa na mtu wa kuumia. Akinyamaza, kozi itabaki, na madaktari mia nne wa baadaye watajua kope ya safura ilivyo. Akinyamaza, vilevile, itafutwa ile picha ya utumbo uliopona, na hakuna atakayeuliza tena kilichouponya. Hemedi atarudi kwenye moto wake akiwa peke yake, na wengine kama yeye hawatajua kamwe. Akisema, atakuwa ameibomoa kwa mkono wake kazi aliyowajengea wafu wa Umba.

Kulikuwa na njia ya tatu pia, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Alikuwa na kipira cha kuingiza tumboni na koleo nyembamba kama unywele. Kwa dakika arobaini angeweza kumtoa yule dume peke yake na kuwaacha majike tisa. Siku ya hesabu angempitisha bila dawa na kuhesabisha minyoo kumi kutoka kwenye akiba ya maabara. Kijana angebaki mzima na kozi ingebaki wazi.

Alhamisi alimweleza Hemedi yote hayo, hadi la koleo. Walikuwa wamesimama nje ya maabara, kwenye veranda. Alimwambia kwamba mwili ni wake na hatamwamulia bila kumsikia.

 Hemedi akauliza viluwiluwi huishi muda gani kwenye udongo wenye kivuli na unyevu. Namsifu akamjibu kwamba huishi wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi.

"Dada yangu ana watoto watatu pale nyumbani," Hemedi alisema. "Wanashinda chini ya ile michungwa. Yule mdogo anatambaa." Alishika nguzo ya veranda, akaiachia. "Niandikie hiyo dawa, mwalimu. Nimeze leo. Halafu na wewe andika yote. Andika na kwamba nilipona."

Aliimeza mbele yake, kwa maji ya bomba, bila kukunja uso. Namsifu aliandika hadi jioni. Kurasa kumi na nne, pamoja na kosa lake mwenyewe la kuweka tiki kwenye mayai yenye uhai, pamoja na picha za makovu. Alituma nakala wizarani, nakala kwa Bwana Shekigenda, na nakala kwa kila mwanafunzi aliyewahi kupita kwenye kozi.

*

Yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Kozi ilisimamishwa Jumatatu. Wanafunzi wote walinyweshwa dawa siku moja, wageni wao wakatazamwa mmoja mmoja chini ya taa nyeupe, na wote walikuwa majike. Namsifu alipewa barua ya kukaa nyumbani, lakini aliomba ruhusa ya kwenda na wapima udongo, wakamruhusu.

Mama yake Hemedi, Bi. Fikirini, aliwapokea kwa chai. Alikuwa mwanamke mnene, mkimya, ambaye michungwa ile mumewe aliipanda mwaka wa ndoa yao. Wapima walichota ndoo sitini. Kwenye ndoo ya arobaini na tatu waliwapata viluwiluwi saba. Ilibidi miti kumi na mmoja ing'olewe, udongo uchimbwe hadi kina cha goti na kuchomwa, na eneo limwagiwe chokaa. Wajukuu walipimwa, yule mdogo alikuwa na vipele kwenye magoti. Walimtibu siku ile ile, akapona bila kujua alikuwa na nini.

Bi. Fikirini hakugomba. Alisimama ukutani akitazama mashine inavyong'oa mti baada ya mti. Namsifu alipokwenda kumwomba radhi, alimsikiliza hadi mwisho.

"Sijakasirika kwa sababu ya michungwa, Daktari," alisema. "Mwanangu alikuja Idd akala. Alikula nikamwongezea, akala tena. Halafu mmemnyang'anya. Hilo ndilo nisiloweza kulipangia maneno."

Wiki ya tano baada ya dawa, damu ilirudi. Januari wapasuaji walimkata Hemedi kipande cha utumbo kirefu kuliko walivyokusudia, na kilichobaki kikaanza nacho kuwaka. Namsifu alimtembelea kila siku ya pili. Hakuwa na kazi nyingine. Hawakuwa wakizungumza sana. Wakati mwingine alimletea picha za vimelea na kumwuliza maswali ya mtihani, naye akajibu akiwa amefumba macho, na mara nyingi alipata.

Tume iliundwa kuamua hatima ya kozi. Katika barua yake kwa tume Namsifu alikuwa ameomba jambo moja: kwamba mwanafunzi yeyote wa zamani aliyeficha ugonjwa ili abebe wageni aseme sasa, bila kuadhibiwa. Mwenyekiti wa tume alikubali akidhani hakutakuja mtu. Zilikuja barua ishirini na sita. Kila aliyeandika alikuwa na hadithi ile ile kwa maneno yake: pumu iliyonyamaza, ngozi iliyopona, utumbo uliotulia, kisha dawa ya wiki ya kumi na mbili, kisha maradhi kurudi. Na kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake.

Barua ya ishirini na saba haikuja. Alikuja mwenyewe. Dkt. Eliatosha Kiondo, daktari wa watoto kutoka Lushoto, alimkuta Namsifu nyumbani kwake asubuhi akianika nguo. Namsifu alimkumbuka: binti mwenye pumu kali, kwenye darasa la miaka sita nyuma. Alikuwa amemeza dawa na kuhesabiwa kama wengine. Wiki iliyofuata, pumu ilipomrudia, alijibandika mkononi kiraka cha viluwiluwi cha mwenzake aliyeacha kozi.

"Ninao mpaka leo," alisema. "Nimewabeba miaka sita. Nimezaa mtoto nikiwa nao. Nimekuja unitazame."

Namsifu aliacha nguo kwenye beseni. Kwa sheria ilivyokuwa, alipaswa kupiga simu hapo hapo, na mwanamke yule angepoteza leseni kabla ya chakula cha mchana.  Alifikiria udongo wa Lushoto, vyoo vya hospitali, watoto wa wodini. Hata hivyo alimwuliza kwanza ameenda haja wapi kwa miaka sita, na Eliatosha akatoa daftari. Kila mwezi alipima mayai yake mwenyewe. Kila kitu alikichoma.

Walikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa tume, wakaingia ofisini kwake bila miadi. Uchunguzi ulifanyika siku ile ile mbele ya wajumbe. Kamera iliwaonyesha majike kumi, wote wanang'aa. Lakini Namsifu hakuishia kwenye mng'ao. Aliomba hadubini, akatazama mayai mia mbili, moja baada ya jingine, na kila yai alimwita mjumbe mmoja alitazame naye kabla halijaandikwa. Iliwachukua saa tatu. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Yote yalikuwa matupu.

Tume haikumruhusu kufundisha tena mwaka ule. Kozi ilibaki imefungwa, na mpaka haya yanaposimuliwa madaktari wapya wanajifunza safura kwa picha. Eliatosha alibaki na leseni yake kwa kura moja. Lakini tume ilitoa kibali kimoja cha majaribio, kwa mgonjwa mmoja, wodini, chini ya ulinzi: viluwiluwi kumi, kila mmoja apimwe peke yake kwanza kuhakikisha ni jike, na choo chote kichomwe.

Namsifu alikipeleka kile kibali wodini kwa mguu. Hemedi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mikono imekuwa miembamba kama ya mtoto. Alikisoma mara mbili. Alitaka kuona ripoti ya kila kiluwiluwi, akazipekua zote kumi, akamwonyesha mwalimu wake mahali ambapo fundi amesahau kutia saini. Ndipo akaomba kalamu.

Bi. Fikirini alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja chake juu ya mguu wa mwanawe. Alimtazama Namsifu akivaa glavu, akimfuta Hemedi mkono kwa pamba, akibandika kile kiraka na kukikandamiza kingo zake kwa kidole gumba. Ngozi ilipoanza kuwasha, Hemedi alitabasamu kidogo.

"Daktari," Bi. Fikirini alisema, "hawa nao mtakuja kumtoa lini?"

Miaka kumi na miwili Namsifu alikuwa amesimama mbele ya watu na kujibu. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazikunja pamoja.

"Sijui, mama," alisema, akavuta kiti akakaa.